Vifaa vya Kuchonga Nakshi za Ngozi kwa Mstaafu Anayerudia Kazi: Kipi Kinunuliwe na Kipi Kiachwe

Kwa mstaafu anayetaka kurudia kuchonga nakshi za ngozi, ushauri wangu baada ya kutumia vifaa vya aina mbalimbali vinavyouzwa sasa ni kwamba sehemu kubwa ya fedha iende kwenye ngozi, sehemu inayofuata iende kwenye kisu na taa, na kinachobaki kinunue mihuri michache sana. Wauzaji wa mtandaoni wanapendekeza mpangilio ulio kinyume kabisa, kwa sababu seti ya mihuri mingi inayong'aa ndani ya mkoba wa turubai hutoka vizuri kwenye picha, ilhali kipande cha ngozi ghafi hakivutii jicho la mtu asiyeijua kazi. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya mtu ambaye aliwahi kuifanya kazi hii ujanani, akaiacha kwa sababu ya ajira na malezi, na sasa ana muda ila macho na vidole vyake si vile vya zamani. Kijana anayeanza anaweza kufaidika nayo, lakini baadhi ya mapendekezo yangu hayatamhusu.

Ifahamike kwanza kwamba kazi ninayoizungumzia si ya kushona viatu wala mikoba, ingawa hukutana nazo mezani. Ni kazi ya kuchora mistari kwenye ngozi nene kwa kisu maalumu, kisha kugongagonga upande mmoja wa kila mkato kwa muhuri wa chuma hadi ua, jani au mnyama aonekane ameinuka juu ya usuli uliolazwa chini. Ngome yake ni magharibi mwa Marekani, kwa watengenezaji wa matandiko ya farasi, na mji wa Sheridan katika jimbo la Wyoming umeupa jina mtindo unaopendwa kuliko yote, ule wa maua madogo yaliyozungukwa na vikonyo vinavyojiviringisha na kupishana, ambao fundi Don King (1923–2007) ndiye hasa aliyeutangaza. Waliouingiza ufundi huu majumbani mwa watu wa kawaida ni akina Tandy wa Fort Worth, Texas, ambao biashara yao ilianza mwaka 1919. Charles Tandy alipokuwa katika jeshi la wanamaji wakati wa Vita Kuu ya Pili aliona jinsi kazi za ngozi zilivyotumika kuwashughulisha askari waliokuwa wakiuguzwa, na baada ya vita kampuni ikaegemea upande huo. Hivyo, kwa kiasi fulani, burudani hii ilienea kupitia mikono iliyokuwa ikitafuta kurudiwa na nguvu, jambo ambalo mstaafu mwenye baridi yabisi ana haki ya kulifurahia. Mimi nilijifunza hukohuko Texas nikiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1970, nikarudi Tanzania, na kazi za serikali zikachukua miaka yote iliyofuata hadi nilipofikisha 60.

Nianze na seti kubwa ya bei nafuu, kwa kuwa ndiyo ambayo watoto na wajukuu wenye nia njema humnunulia mzee wao mara wanaposikia anataka kitu cha kufanya nyumbani. Yangu niliipata kwa njia hiyo, nami nimeitumia kwa haki bila kuidharau. Ina mihuri mingi ya aloi iliyopakwa kromu, kisu kimoja, nyundo ndogo, sindano, uzi wa nta, mkasi na vitu vingine ambavyo bado sijavitambua matumizi yake. Uzi ni mzuri, sindano ni nzuri, na kifaa cha kukwangua kingo za mkanda kinatosha. Mihuri, ambayo ndiyo sababu ya kuinunua, haitoshi. Muhuri wa kulaza kingo unapaswa kuwa na kisigino kilichoviringwa, ili kila pigo liungane na lililotangulia bila kuacha alama. Wa seti hii una kisigino kikali kinachoacha mstari mdogo kila unapogonga, na matokeo yake ni ukingo wenye ngazi badala ya mteremko laini. Muhuri wa kulaza usuli una vinundu vifupi mno, kiasi kwamba ukigonga kidogo hauonekani na ukigonga sana unatoboa uso wa ngozi. Yapo yanayoweza kurekebishwa: visigino vikisuguliwa kwa msasa laini wa namba 600 na baadaye 1000 hulainika, ingawa mpako wa kromu huondoka na chuma kilicho chini yake kinahitaji kupakwa mafuta kila baada ya kazi. Anayependa kusugua atapata mihuri mitatu au minne ya kutumika. Asiyependa asiinunue.

Hoja nzito zaidi dhidi ya seti kubwa ni kwamba wingi huo hauna kazi. Katika mfumo wa majina wa mihuri ya Craftool, chapa ya Tandy, ambao waigaji wengi wameufuata, herufi hutaja kazi ya muhuri: B ni ya kulaza kingo, P ni ya kutia kivuli katikati ya petali, C ni ile yenye upinde na mistari inayopamba vikonyo na kingo za petali, V ni ya mishipa ya majani, S ni ya mbegu katikati ya ua, na A ni ya usuli. Mtu mwenye muhuri mmoja mmoja wa herufi hizo sita, pamoja na wa pili wa B ulio mwembamba kwa ajili ya pembe, anaweza kuchonga karibu kila ua la mtindo wa magharibi analolikumbuka. Mihuri ya Craftool inauzwa mmojammoja, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuipendelea. Ipo pia mihuri ya chuma kisichoshika kutu inayotengenezwa Sheridan na Barry King, ambayo bei ya mmoja wake inaweza kupita bei ya seti nzima ya turubai. Niliazimwa wa kulaza kingo na rafiki anayesafiri mara kwa mara kwenda Marekani, nami sina budi kukiri kwamba tofauti inaonekana tangu pigo la kwanza, kwani unateleza kando ya mkato bila kusita na rangi ya ngozi chini yake inakolea sawasawa. Kama fedha inaruhusu muhuri mmoja tu wa daraja hilo, basi uwe huo wa kulaza kingo, kwa sababu ndio unaofanya zaidi ya nusu ya mapigo yote katika kipande kimoja.

Kisu ndicho kifaa ambacho umri unakigusa kwa karibu zaidi. Kwa asiyekijua, ni kijiti kinene cha chuma chenye wembe mfupi chini na nira juu. Kidole cha shahada hukaa juu ya nira, kidole gumba na vya kati hukizungusha kijiti, na kidole cha mwisho hutua kwenye ngozi ili mkono usiyumbe. Wembe haukati kwa kusukumwa kama kisu cha jikoni, bali huvutwa kuelekea kwako huku kijiti kikizungushwa taratibu kwenye mapindo. Visu vya bei ya chini huja na kijiti chembamba na nira isiyorekebishika, na mtu mwenye viungo vilivyokakamaa hulazimika kukibana kwa nguvu ili kisiponyoke, na baada ya muda mfupi maumivu hupanda mpaka kwenye kiwiko. Niliponunua chenye kijiti kinene cha takriban milimita 13, chenye mikwaruzo mizuri ya kuzuia kuteleza na nira inayoinuliwa au kushushwa kulingana na urefu wa kidole, kazi ilibadilika. Mikato ilikuwa mirefu na tulivu, na niliweza kukaa mezani tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri bila kusugua vidole kwa dawa.

Wembe nao unastahili maneno. Mpana wa robotatu ya sentimita hadi karibu sentimita moja unafaa mistari mirefu ya mikanda. Ule mwembamba uliokatwa kwa mshazari unafaa mapindo madogo ya ua, na kwa kuwa mstaafu huwa hachongi mikanda kumi kwa siku, wa pili ndio ningeanza nao. Zipo pia nyembe za kauri, ambazo hudumu na makali muda mrefu, ila zikianguka sakafuni zinavunjika na haziwezi kunolewa kwa kinoo cha kawaida. Mimi nimebaki na za chuma. Makali yake yanafanywa kwa kinoo laini mara chache, lakini yanatunzwa kwa kipande cha ngozi kilichogundishwa kwenye ubao na kupakwa sabuni ya kijani ya kung'arishia vyuma, na wembe unapitishwa hapo kila baada ya mikato kadhaa. Visu vyote nilivyojaribu, vya bei ya juu na vya bei ya chini, vilifika vikiwa havijakamilika kunolewa, na muuzaji yeyote anayeandika kwamba kisu chake kiko tayari kwa kazi anapaswa kusomwa kwa tahadhari. Kisu kikianza kuburuta na kuvuta ngozi, mkono hauna hatia; ni ama makali yamekwisha au ngozi imekauka.

Kuhusu macho sitaandika mengi, ila taa haikwepeki. Taa ya darini inaitandaza ngozi yote kwa mwanga mmoja na mikato inapotea. Inatakiwa taa ya mezani inayowekwa chini upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, ili kila mkato uwe na kivuli chake. Taa za LED zenye lenzi ya kukuzia katikati zinauzwa madukani Kariakoo kwa ajili ya mafundi wa simu, na zinafaa vilevile. Nilichagua yenye betri ya kuchaji, kwa sababu umeme ukikatika ngozi iliyokwisha kuloweshwa haisubiri. Miwani ya kusomea ya kawaida imetengenezwa kwa umbali wa gazeti, na meza ya kuchongea ni mbali kidogo kuliko hapo, kwa hiyo ni vizuri kumwambia mtaalamu wa macho umbali halisi unaofanyia kazi.

Sasa ngozi, ambako ndiko ninakotaka msomaji apunguze mwendo. Ngozi nyingi zinazouzwa na kutumika Afrika Mashariki kwa viatu na mikoba zimesindikwa kwa kromu. Ni laini, zinavumilia maji, zina rangi nzuri, na hazichongeki hata kidogo, kwa kuwa ukigonga muhuri alama inainuka na kupotea. Nakshi inahitaji ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, ambayo hunywa maji, hulainika, hupokea alama na kubaki nayo inapokauka. Muuzaji sokoni, awe wa Kariokor mjini Nairobi au wa Kariakoo, anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba aliyonayo ni ya magome kwa sababu ni ya kahawia na ni ngumu, kumbe imepakwa rangi na kukandamizwa tu. Njia za kuhakikisha ni rahisi. Tone la maji kwenye upande wa juu wa ngozi ya magome hunywewa na kuacha doa jeusijeusi. Kwenye ya kromu mara nyingi hukaa juu au huteleza. Ukikata ukingo na kutazama katikati, ya kromu huonyesha mstari wa kijivu au wa buluu. Ukiomba uchane kipande chembamba na kukichoma, majivu ya kromu huwa na ukijani. Muuzaji asiyekubali hata jaribio la tone la maji, mshukuru na usogee kibanda kingine.

Inachekesha kidogo kwamba tunaagiza ngozi hii kutoka mbali wakati dawa yake inatoka kwetu. Miwati, miti ya jamii ya akasia iliyoletwa kutoka Australia, imelimwa Njombe na kampuni ya TANWAT tangu mwaka 1949, na magome yake hutoa unga wa tanini ambao wasindikaji wa ngozi hununua kwa jina la mimosa. Ngozi ya mimosa ina wekundu kidogo kuliko ile ya mwaloni inayopendwa na Wamarekani, na wachongaji wengine huilalamikia kwa hilo. Mimi siilalamikii. Kivuli cha muhuri kwenye ngozi yenye wekundu kinakolea haraka na hakihitaji rangi nyingi baadaye.

Tatizo halisi la ngozi za hapa liko kwenye uso. Ng'ombe wetu wanachungwa kwenye miiba, wanaumwa na kupe, na wengi wanapigwa chapa ya moto ubavuni, na kila kovu linabaki kwenye ngozi hata baada ya kusindikwa. Kwa soli ya kiatu hilo si neno. Kwa nakshi, kovu katikati ya petali linanywa maji kwa namna tofauti na sehemu iliyo jirani nalo, na muhuri unaligonga likiwa bado gumu. Niliyoinunua hapa nchini nililipa kwa futi ya mraba kwa bei niliyoiona ya haki, nikapata ukubwa wa kutosha wa sehemu safi kwa mikanda miwili na vifuniko kadhaa vya daftari, na iliyobaki ikawa ya mazoezi. Niliyoagizia Marekani ilikuwa safi kutoka ncha hadi ncha, lakini gharama ya kuisafirisha na ushuru wa forodha vilipita bei ya ngozi yenyewe. Kwa mtu anayerudia kazi baada ya miaka mingi, napendekeza ya hapa, ichaguliwe kwa mkono na mchana, na kamwe isinunuliwe ikiwa imekunjwa. Omba sehemu ya mgongo au bega. Ya tumbo ni ya bei ndogo kwa sababu inavutika, na nakshi yake hupinda ikikauka.

Unene unatajwa kwa aunsi katika masomo na maduka ya Marekani, na hesabu yake ni kwamba aunsi moja ni sehemu moja ya 64 ya inchi, yaani takriban milimita 0.4. Ngozi ya aunsi 8 hadi 9, ambayo ni milimita 3.2 hadi 3.6, ndiyo ya mikanda na ala za visu na ndiyo inayomsamehe mkono uliosahau, kwa kuwa mkato unaweza kwenda theluthi moja au hata nusu ya unene bila kutokeza upande wa pili. Pochi ya mfukoni inataka ngozi nyembamba kuliko hiyo, na hapo ndipo wengi wanaorudia kazi hukata tamaa mapema, kwa kuwa walianza na pochi kwa sababu ni ndogo.

Hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kuchukua nafasi ya unyevu sahihi. Ngozi hupanguswa kwa sponji yenye maji hadi iwe nyeusi pote, kisha huachwa hadi uso wake uanze kurudi kwenye rangi ya awali huku ndani bado ikiwa na ubaridi unaohisiwa ukiigusisha shavuni. Hapo ndipo kisu huingia kwa ulaini, na muda mfupi baadaye ndipo mihuri huacha kile kivuli cha kahawia kinachofanya nakshi iishi. Vitabu na video hueleza muda kwa kufuata hali ya hewa ya Wyoming au Texas. Dar es Salaam mwezi wa pili, feni ikiwa imewashwa, uso hukauka kabla hujamaliza ua la pili. Morogoro wakati wa mvua za masika, unaweza kunywa chai na kurudi. Ngozi iliyoloweshwa usiiache ndani ya chombo kilichofunikwa kwa zaidi ya usiku mmoja katika joto la pwani, maana kuvu huota na doa lake halitoki. Iweke kwenye friji, na uwaarifu wenye jiko. Tena, usiiache igusane na chuma kisichopakwa kitu, kwa sababu tanini na chuma vikikutana kwenye maji huacha alama nyeusi kama wino.

Nyundo ya chuma isitumike. Huharibu vichwa vya mihuri na kelele yake haivumiliki. Yenye kichwa cha plastiki ngumu, uzito wa gramu 350 hadi 450, inatosha, na mwenye kifundo kinachouma aelekee upande wa chini wa kiwango hicho. Jiwe la kugongea si la kununua mtandaoni. Wanaokata graniti na marumaru za makabati ya jikoni wana mabaki, na kipande cha unene wa sentimita tatu kikiwekwa juu ya mpira wa gurudumu hupunguza mlio kiasi cha kutomwamsha jirani aliyelala baada ya zamu ya usiku.

Kuhusu mafunzo ya video ya kulipia, niliyojaribu yalikuwa mazuri kwa mkono na mabaya kwa sikio: mwalimu anaonyesha kwa utulivu, kamera iko karibu, lakini anaongea kama mtu anayewahi basi, na vipimo vyote ni vya inchi. Kwa anayerudia, nusu ya kwanza ya masomo haina jipya. Yanayofaa kulipiwa ni yale ya kisu peke yake, kwa sababu mkono husahau mwendo wa mapindo kabla ya kusahau kitu kingine chochote, na kumtazama mtu akiuvuta mstari mmoja bila kusita husaidia kuliko maelezo marefu.

Rangi na mafuta ndiko ambako nilitumia fedha kidogo kuliko nilivyotarajia. Rangi zinazosifiwa, zikiwemo za Fiebing's, kampuni ya Milwaukee iliyoanza mwaka 1895, nyingi zake zimechanganywa na spiriti, na vimiminika vinavyowaka haviruhusiwi kirahisi kwenye mizigo ya ndege, hivyo anayetegemea mgeni kumletea kwenye begi atasubiri bure. Kwa rangi nyeusi hakuna haja ya kusubiri. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zikioshwa mafuta yake na kulowekwa kwenye siki nyeupe kwa siku kadhaa katika chupa ambayo kifuniko chake hakikufungwa kabisa ili hewa itoke, hutoa maji ambayo yakipakwa kwenye ngozi ya magome huigeuza nyeusi mbele ya macho yako, kwa sababu ileile ya tanini na chuma niliyoitaja. Weusi huo umo ndani ya ngozi, hauhamii kwenye nguo kama utaisuuza kwa maji yenye magadi kidogo na kuilisha mafuta baadaye. Kwa kumalizia, nta ya nyuki ya Tabora iliyoyeyushwa taratibu pamoja na mafuta mepesi inashinda baadhi ya makopo yenye nembo nzuri, na nyumba hainuki kiwanda.

Linabaki suala la michoro. Karibu kila kitabu cha ruwaza na kila karatasi inayouzwa pamoja na vifaa imejaa mawaridi mwitu, majani ya mwaloni na vichwa vya farasi. Ni maridadi, na yanafundisha, kwa sababu kila muhuri una nafasi yake ndani ya ua hilo. Lakini baada ya mikanda michache nilijiuliza kwa nini mkanda wa mtu wa Bagamoyo uwe na ua la Wyoming, wakati pwani hii ina nakshi zake kwenye milango na kwenye makubadhi ya Zanzibar na Lamu. Nakshi ya mlango inahamia kwenye ngozi vizuri kuliko nilivyodhania: waridi la duara la kwenye mlango lina petali zinazopokea muhuri wa kivuli, mtende unapokea muhuri wa mishipa, na mnyororo unaozunguka miimo unafaa kabisa kwa ukingo wa mkanda. Tatizo ni kwamba pete ya mnyororo huo, ikichorwa kwa kisu moja baada ya nyingine kwenye mkanda wa mita moja, inachosha mkono na haziwi sawa, na hakuna duka nililoliona linalouza muhuri wa umbo hilo.

Niliuchora kwenye karatasi na kuupeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi wa kukereza vyuma, ambaye aliuchonga kwenye ncha ya bolti nene kwa tupa na kuulainisha kwa msasa, kwa bei ya chini kuliko nauli ya kifurushi kimoja kutoka ng'ambo. Shina lake ni zito kuliko la mihuri ya kununua na linahitaji kushikwa karibu na chini lisiyumbe, na kona moja ya pete ilikuwa kali hadi nilipoisugua mwenyewe. Baada ya hapo umegonga mkanda mzima bila kuchana ngozi, na fundi ameahidi kwamba wa pili, wenye pete ndogo kwa ajili ya mikanda ya wanawake, atautengeneza kwa bolti nyembamba.